Vema Zenye Mkia Mfupi

Baba yangu, kamwene.

Nakuandikia kutoka Mbeya, Jumapili asubuhi, nikiwa mezani peke yangu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye ua wa jirani na nimeacha chai ikapoa. Najua ungesema nini. Chai ya kupoa uliiita maji ya kuoshea sufuria, na ulikuwa radhi kuimwagia migomba kuliko kumpa mgeni.

Hatukuwahi kuandikiana, mimi na wewe. Tuliishi nyumba moja kule Iringa, sasa barua ya nini? Na tangu uondoke nimekuwa naona haya. Watu watasema mtaalamu mzima wa virusi, aliyebakiza miezi minne astaafu, anamwandikia marehemu na kuianika barua hadharani kila apitaye aisome. Waache waseme. Nimeandika ripoti nyingi maishani ambazo zimeliwa na mende kwenye makabati, na hii moja naomba isomwe.

Inahusu ile kadi yako ya vidonge. Nimekaa nayo miaka yote hii, ndani ya Biblia ya Mama, mpaka mwezi uliopita.

Nianze na baraza, maana ndipo ninapokuona kila nikifumba macho. Ulishonea kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, cherehani yako ikitazama barabara. Ilikuwa miaka ya sabini, lami ya kwenda Zambia ilikuwa bado mpya, na malori tuliyasikia yakinguruma kule chini Ipogolo mchana kutwa. Vijana walikuletea vitambaa uwashonee suruali za bugaluu. Uliwashonea, huku ukiwasema kwamba chini ya suruali hizo mtu anaweza kuficha kuku wawili na serikali isijue. Walicheka, na kesho yake walikuja wengine. Mimi nikitoka shule nilikaa miguuni pako nikiokota vipande vya nguo, na wewe uliniita Mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yako. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo kwa sauti ile.

Kisha ukaanza kukohoa. Mwanzoni tulisema baridi ya Iringa, baadaye tukasema vumbi la vitambaa. Wateja walikuwa wa kwanza kuacha kuamini hayo. Walianza kusimama mbali, wakakurushia kitambaa badala ya kukukabidhi mkononi, mwishowe wakahamia kwa fundi wa upande wa pili. Siku ulipotema damu kwenye leso uliyokuwa unampindia mteja, Mama alifunga cherehani na kukupeleka hospitali.

Walikulaza miezi miwili kwenye wadi ya kifua, sindano kila siku. Ulirudi umekonda, makalio yameota vinundu, ukalazimika kukaa upandeupande kwenye kigoda. Ulikuwa umepewa vidonge vya kumeza kila asubuhi kwa mwaka mzima. Yule muuguzi wa wadi, mama mmoja wa Kibena mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alitupa amri mbili. Ya kwanza, uwe na sahani yako na kikombe chako. Ya pili, mimi ndiye nishike kadi. Alisema Mama hajui kusoma, na wanaume wakishapata nafuu ni waongo wakubwa, kwa hiyo mtoto wa darasa la nne ndiye atakayeweka alama ya vema kwenye kisanduku kila siku baba yake akimeza. Alinishika bega akaniambia mimi ndiye jicho lake. Nilitembea njia nzima kifua mbele.

Amri ya sahani Mama aliitekeleza siku hiyohiyo. Alichukua sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, akaitoboa ukingoni kwa msumari, akafunga uzi mwekundu alioutoa kwenye boksi lako mwenyewe la nyuzi. Sisi tulikula mkekani, wewe ukala kwenye kigoda karibu na mlango, umetupa mgongo nusu. Kwetu mtu anayekula peke yake ni mchawi au ni mchoyo, na wewe hukuwa mmoja wao. Ulikula haraka, kama mtu anayekula cha wizi. Nilikuwa nakuhesabia matonge bila kujua kwa nini.

Leo najua mambo ambayo hatukuyajua. Ugonjwa ule, kifua kikuu, hupita kwenye hewa, mtu akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa, na chumba chetu kilifungwa kila siku kwa sababu ya baridi. Sahani haikuwa na kosa lolote. Tulikutenga bure, Baba, kwa mwaka na zaidi, na kwa hilo nalo nakuomba radhi.

Baba mdogo alikuja kukutazama ukiwa na mwezi wa nne wa vidonge. Alikuwa amehamia Rujewa kulima mpunga, na alishuka kwenye basi na nusu gunia la mchele begani. Nyinyi wawili mlilelewa na bibi yenu baada ya mama yenu kufa, na bibi alikuwa na sahani moja ya udongo kwa ajili yenu wote wawili. Mlikuwa mkituhadithia jinsi mlivyokuwa mkigawa hata mfupa, mmoja akinyonya huku mwingine anahesabu mpaka ishirini. Ugomvi wenu mkubwa wa utotoni ulikuwa kwamba wewe ulihesabu haraka.

Mama alipoweka chakula, Baba mdogo alisogeza kigoda chake kwenye chako, akanyoosha mkono kwenye sahani yenye uzi. Mama alisema, "Shemeji, hapana." Akaurudisha mkono. Mlikaa mnatazama ugali, wote wawili, na hakuna aliyekula. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wako ule, na sikutamani kuuona tena.

Kisha Baba mdogo akakohoa. Wewe uliinua kichwa, maana anayekohoa anakijua kikohozi cha mwenzake. Ulimwuliza ameanza lini, akasema ni vumbi la njiani. Ukamwuliza tena, akasema tangu palizi ya kwanza. Ulimsihi abaki Iringa apimwe, ulimsihi mpaka Mama akaingia kati, lakini yeye alikuwa na sababu zake. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, mkewe yuko shambani peke yake anafukuza kweleakwelea kwa kopo na fimbo, na ndege wale hawamsubiri mgonjwa. Halafu akasema sababu yenyewe, kwa sauti ya chini, akitazama sahani yako. Alisema akirudi Rujewa na uzi mwekundu, nani atakula naye.

Asubuhi yake, kabla hajaenda stendi, nilileta kikombe cha maji, kidonge na kadi kama kawaida. Ulichukua kidonge ukakitazama, kisha ukamwaga kopo zima kwenye kiganja na kuanza kugawa. Kimoja huku, kimoja kule. Ulimwambia ameze siku moja, apumzike siku moja, na wewe utafanya hivyohivyo, mtakuwa mnapokezana kama mlivyopokezana ule mfupa. Nilikukumbusha kwamba muuguzi alisema kila siku. Hukunikaripia. Uliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee huu.

"Sahani wamenikataza kula na mdogo wangu. Dawa hawajanikataza."

Na wewe uliyafikiria vizuri, najua. Mtu mwungwana hali akashiba mbele ya ndugu yake mwenye njaa. Hilo ulifundishwa na bibi kabla hujafundishwa kuvaa kaptura. Ungewezaje kumeza peke yako?

Tangu siku ile kila nilipochukua vidonge hospitali, nusu vilifungwa kwenye kitambaa, vikatiwa kwenye kopo la mafuta ya kupaka, na utingo wa basi la Mbeya akavishusha Rujewa. Na kila siku isiyokuwa yako ulinipa kalamu.

"Mama, weka vema," ulisema.

Siku ya kwanza nilisema hujameza. Ulinijibu kwamba anameza mdogo wako, na huo ni mwili mmoja. Nikaweka. Lakini sikuwa mwongo mzoefu, mkono ulikataa. Siku zako niliweka vema nzuri, yenye mkia mrefu unaopanda mpaka kona ya kisanduku, kama za mwalimu wangu. Siku za Rujewa niliweka yenye mkia mfupi. Sikumwambia mtu, hata wewe. Nadhani nilikuwa natumaini kwamba yule muuguzi ataona na kuniuliza, na mimi nitasema, na haitakuwa nimesema mwenyewe.

Hakuona. Aliipitisha kadi mezani kwa wenzake akanisifu, akawaambia watazame mtoto huyu. Wewe ulikuwa umenenepa. Cherehani ilikuwa imefunguliwa, vijana wa bugaluu wamerudi, na jioni ulianza tena kupitia kilabuni kwa kikombe kimoja cha ulanzi, ukirudi unaimba kwa Kihehe nyimbo ambazo Mama alisema si za mbele ya watoto. Nilianza kuamini kwamba mlikuwa mnajua kuliko hospitali.

Kikohozi kilirudi mwezi wa kumi na moja wa vidonge. Nakumbuka ulichokuwa unafanya: unapima kiuno cha mteja, utepe ukakuponyoka. Uliinama kuuokota ukabaki umeinama.

Safari hii tulipelekwa kwa daktari mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Aliishika kadi mkononi kwa muda mrefu, akipitisha kidole kwenye visanduku, halafu hakukuuliza wewe. Aliniuliza mimi. Aliinama mpaka miwani yake ikawa sawa na macho yangu, akaniambia niseme kweli, baba alimeza zote hizi?

Ulikuwa umekaa kwenye benchi, Baba, unatazama dirishani. Hukunikonyeza wala kunikunjia uso. Uliniachia mwenyewe. Nikasema, "Zote."

Akauliza kama kuna mtu mwingine anayekohoa katika ukoo wetu, mahali popote, hata mbali, kwa sababu hospitali ina gari na inaweza kumfuata. Nilimwona Baba mdogo na nusu gunia lake la mchele. Nilimwona anarudisha mkono kutoka kwenye sahani. Nikasema hakuna.

Daktari alishusha pumzi, akaandika kwenye faili, akasema basi dawa yenyewe imeshindwa, ugonjwa umeizoea. Alisema zipo nyingine lakini ni adimu, ataomba. Akakurudisha kwenye sindano. Tulipotoka ulisimama kwa mama muuza maandazi ukaninunulia mawili, na mimi niliyala, yote mawili, kabla hatujafika nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba niliyaona matamu.

Hizo dawa nyingine hazikuwahi kufika. Uliondoka msimu wa baridi uliofuata, na Mama aliifukia sahani yako nyuma ya choo pamoja na kikombe. Kabla ya mpunga kuiva Rujewa, kondakta wa basi alileta habari kwamba Baba mdogo naye amefariki. Hakuwa amefika hospitali hata siku moja. Hakuna gari lililomfuata, kwa sababu mtoto aliyeaminiwa kuwa jicho alikuwa amesema hakuna wa kufuatwa. Mama mdogo alibaki na shamba, kopo la kufukuzia ndege na mimba ya miezi mitano ambayo haikufika mwisho.

Huenda wasingepona hata kama ningesema. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba sijui. Lakini mtu hawezi kulalia "huenda" kama mto.

Nilisoma, Baba. Ungeniona ungechoka na majivuno. Nilisoma mpaka wenzangu wakaolewa, wakazaa, wakapata wajukuu, na mimi nipo tu na chupa zangu. Nilikwenda kutafuta jinsi ugonjwa unavyozoea dawa, na nilipokuwa chuoni ukaingia huu mwingine, UKIMWI, uliomaliza watu kando ya barabara ileile ya malori. Watu walikufa bila dawa, halafu dawa zikaja, na watu wakainuka vitandani wakarudi mashambani. Tulishangilia. Mimi nilishangilia kwa tahadhari, kwa sababu nilishamwona mtu akinenepa kisha akafa.

Ungeniuliza usugu wa dawa ni nini, ningekueleza kwa cherehani. Kirusi hiki ni fundi mlevi. Anashona suruali elfu kwa siku na kila moja ina kosa lake. Dawa ikitimia, cherehani inasimama, hakuna kinachoshonwa. Ikiwa nusunusu, anaendelea kushona, na katika makosa yale elfu siku moja linatokea moja ambalo dawa haiwezi kulishika. Hilo ndilo linaloendelea kushonwa kuanzia hapo. Kazi yangu ni kusoma damu na kusema kosa liko pindo gani, ili daktari ajue dawa ipi bado inafaa. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na naijua vizuri.

Lakini damu haiongei. Inakuja kwenye kichupa kidogo chenye namba, naisoma, naandika, naondoka. Jioni nafungua mlango wangu mwenyewe. Jumamosi nakwenda Mbalizi kununua viazi, na kila Jumamosi yule dada muuzaji ananiuliza kwa nini mama unataka nusu sado, hukaribishi watu? Namwambia nina safari. Nimekuwa na safari kila Jumamosi kwa miaka sita.

Sasa sikiliza. Mwaka huu kilikuja kichupa, na fomu yake ilinisimamisha. Mwanamke, mgonjwa wa muda mrefu, hakosi kliniki, kila akija kopo lake la vidonge ni tupu kwa idadi ileile inayotakiwa. Na virusi vimejaa damuni. Niliisoma damu na kukuta kirusi kimeshabadilika palepale dawa inaposhika. Chini ya fomu, penye makazi, pameandikwa Rujewa.

Sikuandika ripoti siku hiyo. Nilimwomba muuguzi wa kliniki amwulize kama angekubali kuonana nami, akakubali, nikashuka nikiwa na koti langu jeupe ambalo baadaye nililivua. Ni mama wa familia za wafugaji waliohama kutoka kaskazini na ng'ombe wao, jina lake ni lake na litabaki kwake. Alikaa mikono kaipakata. Nilimwuliza kama hugawana dawa na mtu. Alikataa. Nikamwambia kwamba baba yangu naye aligawana, na mimi ndiye niliyeandika uongo kwenye kadi yake. Akaniuliza swali ambalo kitabu changu hata kimoja hakina.

"Mume wangu hataki kuonekana kwenye foleni. Sasa nimeze peke yangu, na yeye ananitazama?"

Baba, nilikusikia. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa kutoka mbali, lakini maneno yalikuwa yako, na mimi mwenye vyeti ukutani sikuweza kumkemea. Nilimsimulia yote, kuanzia uzi mwekundu. Nilimwambia ukigawa mfupa kila mmoja anapata kidogo, lakini ukigawa dawa anayeshiba ni ugonjwa peke yake. Nikamwambia mume hahitaji nusu ya kopo lake, lipo kopo zima linamngoja. Alilia kidogo, akajifuta na kitenge, akasema ataona.

Mwezi uliofuata alikuja naye, mzee mrefu, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Amepimwa, wote wawili wamebadilishiwa dawa kufuatana na damu ilivyosema, na kila mmoja ana kopo lake. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikijipongeza. Yule mama alipopita alisimama, akaniuliza kwa sauti ya chini: na watu wa yule mdogo wa baba yako, wao uliwaambia?

Rujewa nimepita kwa basi mara zisizohesabika, na kila mara nilijifanya nimelala.

Nilikwenda mwezi uliopita. Nilichukua sukari, kitenge na ile kadi. Mama mdogo yupo, Baba. Hakuolewa tena. Nyumba yake iko jirani na mashine ya kukoboa, ukuta wa upande ule umekuwa mweupe kwa vumbi la pumba, na yeye mwenyewe amekuwa mdogo, macho yake makali kama zamani. Alinishika mikono miwili, akasema nimechukua paji lako la uso. Alianza kuinuka akapike. Nilimwomba akae kwanza, kwa sababu nilijua nikila kabla ya kusema sitasema.

Nikasema. Niliyasema yote pale mkekani, jinsi ulivyogawa, jinsi nilivyoandika, daktari aliuliza nini na mimi nilijibu nini, na gari ambalo lingeweza kuja. Sikujitetea kwa utoto. Nilipomaliza nilimwekea kadi mapajani.

Aliigeuzageuza. Hajui kusoma. Akaniuliza, "Za mume wangu ni zipi?"

Nilimwonyesha zile zenye mkia mfupi. Alianza kuzipitia kwa ukucha, moja moja, akiziruka zako, mstari hata mstari, midomo ikitembea. Ilichukua muda. Mashine ya jirani ilisimama, ikawaka tena, yeye bado anahesabu. Alipofika mwisho aliishika kadi kifuani.

Akaniambia kwamba mumewe alikuwa akimeza asubuhi, kabla ya kwenda kufungulia maji shambani. Yeye Mama mdogo hakujua ni dawa ya nini, aliambiwa ni ya tumbo. Lakini kila mume wake alipomeza alikuwa akisema kitu ambacho hakukielewa mpaka leo, akisema, "Leo nimekula na kaka."

Halafu uso wake ukabadilika. Alisema tungemwambia. Alisema angempakia kwenye lori yeye mwenyewe, mpunga ungeliwa na ndege wote wa Usangu, mpunga ni nini. Alisema hayo kwa hasira, na haki ilikuwa yake. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba na kadi yako, akaniacha.

Nilikaa. Jua lilihama kutoka kwenye mkeka. Nilisema basi, hilo ndilo jibu, nikakusanya mkoba wangu, nikavaa kiatu kimoja, natafuta cha pili. Ndipo nikamwona anatoka jikoni, anatembea polepole, amebeba wali na maharage. Alikuwa na sahani moja. Nilidhani ni yangu, yeye hatakula. Aliiweka katikati ya mkeka, akarudi akaleta jagi na beseni, akaketi upande wake na kukunja mikono ya gauni.

"Nawa," alisema.

Nilinawa, Baba. Tulikula, na tulipofika katikati ya sahani alinisogezea maharage upande wangu kwa vidole vyake.

Kadi imebaki kwake. Hakuirudisha na mimi sikuidai. Nimerudi Mbeya, nyumba ni ileile, viazi vyangu ni nusu sado, na nikikudanganya kwamba upweke umekwisha nitakuwa nimeweka vema nyingine ya uongo. Lakini amenitumia mchele, gunia zima, akasema niende tena kabla ya mavuno nikamsaidie kufukuza ndege. Nikistaafu nitakwenda.

Msalimie mdogo wako. Kama huko mnakula, mwambie anyooshe mkono.

Ni mimi,
binti yako, mshika kadi wako.